Kitambaa Ndani ya Chumba 4/12

Kiwandani
Jumanne, 5 Machi

Baba Kibonge wangu,

Mimi mzima, mtoto mzima, mama yako mzima na mdomo wake ndio mzima kuliko sisi sote. Usishtuke kupata barua. Simu yangu imekufa. Mwanao aliitumbukiza kwenye ndoo ya kudekia, halafu akakaa pembeni anaisubiri iibuke. Fundi simu ameniambia nikaizike tu. Simu ya mama yako unaijua: akipokea anaweka sauti kubwa, mtaa mzima unachangia. Na haya ninayotaka kukuambia si ya mtaa. Kwa hiyo nimempa Konokono, huyu dereva wetu wa lori. Amesema miaka tisa anabeba vyumba vya watu na hajawahi kufungua mlango hata mmoja, sembuse bahasha.

Kibonge ana meno manne. Anatembea kwa kushika ukuta, akifika kwenye kona anakwama analia, nakwenda kumgeuza kama gari la kuchezea.

Sasa nisikilize, na usinikasirikie kabla hujafika mwisho.

Kazi yangu unaijua, ila nikueleze tena maana ukiwa likizo huwa unanisikiliza kwa sikio moja. Chumba kikifika kwenye meza yangu kimeshakamilika, kina dirisha, mlango, taa, bafu lenye vigae. Mimi kazi yangu ni kulijaribu bafu. Pembeni ya bafu kuna kipande cha bomba kuu la maji machafu, kinatoka juu ya dari hadi chini ya sakafu. Naziba tundu la chini, najaza maji mpaka yasimame bafuni, napiga mstari wa penseli ukutani, naondoka. Kesho yake nikiyakuta kwenye mstari, chumba ni kizima, nazibua, nasaini kadi. Yakiwa yameshuka, kuna mahali panavuja na chumba hakitoki. Huko kwenu mnavipanga kimoja juu ya kingine, na vile vipande vinaungana kuwa bomba moja la jengo zima.

Vizibo vya mpira viko vitatu. Meza ziko nane. Kwa hiyo sisi wanawake wanne wa maji kila mmoja ana kitambaa chake, anakifunga na nailoni, anakisokomeza. Msimamizi anajua na anajifanya hajui.

Tarehe 22 Februari nilikuwa na chumba 4/12. Kizibo hakuna. Nikachukua nepi ya Kibonge, ile ya kijani, nikazibia. Saa nane mchana mama yako akaja getini na mtoto anawaka homa, nikatoka mbio hata viatu vya kazi sikuvua. Kesho yake nilishinda zahanati. Siku ya tatu narudi nakuta chumba kimeshafungwa plastiki, kiko juu ya lori linaunguruma, na msimamizi amenishikia kadi. "Saini mama, lori linachoma mafuta." Nikasaini. Nimeandika kwamba maji yalisimama siku nzima, usiku mzima. Sikuyaona, baba. Nadhani wafungaji waliyachota tu kwa ndoo kama wanavyofanya wakiwa na haraka.

Jana nilikuwa nafua. Nepi ni kumi na mbili. Nimehesabu kwenye kamba, nimehesabu kwenye beseni, nimemnyanyua mtoto nikatazama aliyovaa. Kumi na moja.

Ikibaki mle ndani, maji ya vyumba vyote vya juu yatakwama hapo na kuwarudia watu bafuni. Na ni watu waliokwishafurikiwa mara moja, wamekaa kwenye mahema wakilisubiri jengo hilo.

Nikisema, nimejimaliza. Mwisho wa mwezi wanatoa barua za ajira ya kudumu. Nafasi mbili, sisi wanne. Ukiwa wa kudumu mtoto anaingia kile chumba cha watoto nyuma ya ghala, unanyonyesha saa nne na saa saba kama binadamu. Sasa hivi nakamua maziwa nimesimama kwenye bafu la mtu nisiyemjua, nusu yanaingia kwenye chupa, nusu kwenye ovaroli. Hata Mama Vigae sijamwambia, shoga yangu wa meza ya jirani ambaye nakula naye sahani moja. Naye anaitaka nafasi hiyo hiyo.

Konokono anasema mko ghorofa ya nne. Wewe ndiye unayevipokea vyumba kwenye kreni na kuvifunga bolti. Kabla hamjaweka ya tano, panda juu ya namba 12, bomba liko wazi kwa juu. Ingiza waya uliokunjwa ncha. Uivute. Uitupe. Usimwambie mtu.

Ninayekuota kila nikijaza maji,
Mama Kibonge


Kambini
Jumamosi, 9 Machi

Mama Kibonge,

Konokono amenikabidhi barua yako kwa mikono miwili, kama anakabidhi mahari. Wenzangu wamenicheka mpaka saa ya chai.

Tulia. Nimeshakwenda. Namba 12 ya ghorofa ya nne tuliiweka Alhamisi asubuhi. Nilipokea barua alfajiri ile ile, nikakunja waya wa kufungia nondo, na saa ya chakula wote walipoteremka mimi nikapanda. Nimeingiza waya mpaka mwisho. Nimezungusha. Nikamulika na tochi, nikaona mpaka usawa wa sakafu ya chumba, kweupe kabisa. Hakuna nepi, hakuna nailoni, hakuna hata uzi. Na hakuna aliyeniona.

Nepi yako imeibiwa kambani. Muulize yule jirani mwenye mapacha, kwa adabu lakini.

Hapa tunakwenda kasi, vyumba sita kwa siku. Chumba kikining'inia hewani, jua likipiga kwenye kioo cha bafuni, mwanga unazunguka uwanja mzima na watu wanaficha macho. Huwa najiambia, kile kioo mke wangu alijitazama juzi. Wiki hii mgongo wangu umepumzika kidogo, usiwaze.

Mwambie mama apunguze sauti. Mwambie Kibonge ukuta una mwisho.

Wako asiyebadilika,
Baba Kibonge


Kiwandani
Jumatano, 13 Machi

Baba Kibonge,

Nimeisoma barua yako nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Mungu akupe unachokitaka. Tangu nilipozihesabu zile nepi nilikuwa sili vizuri, maziwa yamepungua, mtoto ananing'ata kwa hasira na hayo meno yake manne. Leo amenyonya mpaka amelala mdomo wazi.

Msimamizi amenipita asubuhi akasema, "Endelea hivyo hivyo, mama, kuna watu wanakutazama." Mama Vigae amesikia. Amenipiga kikumbo cha kiuno: "Ukipata, mimi ndiye wa kwanza kumbeba mtoto getini." Nikaona aibu kwa yote niliyomfikiria.

Alhamisi asubuhi. Naendelea kwenye karatasi hii hii. Nilitaka kuichana, nimeiacha ili ujue nilivyofurahi.

Leo nilimpelekea Konokono kadi za lori lake. Alikuwa ananung'unika peke yake, anaandika namba kwenye kiganja. Nikamuuliza anahesabu nini. Akasema, "Nyie mnanipa chumba mnasema cha nne. Nikifika kule wananiambia hiki cha tatu. Miaka tisa mimi nahesabu mara mbili, kichwa kitapasuka."

Baba Kibonge, hapa kiwandani tunaanza kuhesabu kutoka chini kabisa. Kile kinachokaa juu ya msingi ndicho cha kwanza. Nyie huko kile mnakiita cha chini, na kinachofuata ndio mnaanza moja. 4/12 yangu ni ya ghorofa yenu ya tatu. Umetafuta kwenye chumba kisicho changu.

Nimewauliza wapakiaji wengine wawili kwa njia ya mzaha. Ni kweli.

Najua ya tatu imeshafunikwa. Lakini wewe ni fundi, njia utaijua. Labda kuna ukuta mwembamba pembeni ya bomba. Labda unaweza kupitia juu na waya mrefu zaidi. Nijibu upesi. Nisamehe mwandiko.

Mama Kibonge


Kambini
Jumapili, 17 Machi

Mama Kibonge,

Nimesoma. Siwezi kupanda tena, na usiniulize kwa nini.

Ya tatu imefunikwa na ya nne, ya nne na ya tano, jana tumeanza ya sita. Bomba liko nyuma ya ukuta wenye vigae. Kulifikia lazima uvunje, na aliyevunja lazima aseme anavunja nini. Kitambaa ni kitambaa, kitaoza. Majengo mangapi yana takataka ndani na watu wanaishi?

Wewe nyamaza, uchukue barua yako ya kudumu, mtoto apate pa kukaa. Nimesema hivyo kama mume wako na kama baba yake.

Baba Kibonge


Kiwandani
Jumanne, 19 Machi

Kwa Mhandisi wa jengo, kwa heshima kubwa,

YAH: KITAMBAA CHANGU

Mimi sikusoma sana, niliishia darasa la saba, kwa hiyo nitaandika ninavyosema.

Mimi ni mmoja wa wanawake wanaojaribu mabafu kwa maji huku kiwandani. Tarehe 22 Februari niliziba bomba kuu la chumba 4/12, ambacho kwenu ni ghorofa ya tatu namba 12, kwa nepi ya mwanangu ya rangi ya kijani, maana vizibo vyetu ni vitatu na meza ni nane. Nikaondoka kwa ugonjwa wa mtoto. Sikurudi kuzibua na sikuyaona maji. Kadi inasema niliyaona. Saini ni yangu, sikulazimishwa, niliharakishwa tu, na kuharakishwa si kulazimishwa.

Nina sababu ya kuamini nepi bado iko ndani. Nakuomba usisubiri mpaka watu wahamie. Huenda ukasema nguo itaoza. Bibi, mimi nafua nepi hizo kila siku ya Mungu kwa mwaka mzima sasa, kwa maji ya moto, kwa sabuni ya mche, kwa kuzipiga kwenye jiwe. Haziozi.

Jana msimamizi amenionyesha orodha ya walioajiriwa kwa kudumu, jina langu ni la kwanza. Nakuambia hili ili usidhani naandika kwa sababu sina cha kupoteza. Usiku nimemlaza mtoto nikamwambia. Alikuwa amesinzia, hakunijibu vibaya.

Mume wangu anafanya kazi chini yako, ndiye anayefunga bolti. Hili si lake, ni langu.

Wako mtiifu,
Mama Kibonge, meza namba sita


Ofisi ya ujenzi
Jumanne, 26 Machi

Kwa Mama Kibonge, meza namba sita,

YAH: BOMBA NAMBA 12

Barua yako nimeipokea Alhamisi. Nilisimamisha kreni siku hiyo hiyo.

Tulimwaga mapipa mawili ya maji kwenye bomba namba 12 kutokea juu, mtu akiwa amesimama chini na ndoo. Maji yalishuka yote bila kusita. Tukapitisha kamera ndogo ya waya. Bomba namba 12 ni safi kutoka juu hadi chini. Nepi yako haimo.

Kwa kuwa ulieleza kwamba vizibo ni vitatu na meza ni nane, sikuweza kuishia hapo. Tumejaribu mabomba yote kumi na sita. Namba 5 na namba 9 yalirudisha maji. Tumevunja ukuta sehemu mbili. Kwenye namba 5 tumetoa kipande cha shuka la maua, kwenye namba 9 mkono wa shati la kiume, vyote vikiwa vimefungwa nailoni na vizima kabisa. Ulisema kweli, haziozi.

Kadi uliyoisaini bila kuyaona maji nimeipeleka kwa meneja wako pamoja na kadi za vile vyumba viwili. Sikuwa na njia nyingine, na nadhani ulilijua hilo ulipokuwa unaandika. Nimemwandikia pia kuhusu vizibo, kwa maneno ambayo sitayarudia hapa.

Kuhusu mumeo. Tarehe 7 Machi nilimkuta juu ya chumba cha ghorofa ya nne saa ya chakula, bila mkanda wa usalama, mkono wake wote umo ndani ya bomba. Nilimuuliza mara mbili anatafuta nini. Alinijibu kwamba anapunga upepo. Nilimwondoa juu na kumpa fagio, na amefagia uwanja huu kwa siku kumi na tisa bila kufungua mdomo. Nilipomsomea barua yako alikaa chini kwenye mfuko wa saruji. Kesho anarudi juu, akiwa na mkanda.

Nashukuru kwa barua.

Mhandisi wa jengo


Kiwandani
Alhamisi, 28 Machi

Wewe Mpunga Upepo,

Siku kumi na tisa umeshika fagio, unaniandikia mgongo umepumzika! Nami nimekaa hapa nakuita mwoga moyoni. Nimekuita majina, baba, mengine sikuwahi kujua kama nayajua. Mama yako alinikuta nalia na barua ya Mhandisi mkononi, akauliza nani kafa. Nikamwambia mwanao anafagia kwa ajili yangu. Akasema, "Afadhali, nyumbani kwangu hakuwahi kushika fagio." Kisha akaenda jikoni akalia na yeye, nimemsikia.

Kwa nini hukuniambia? Ningekuwa nimesema mapema. Najua, ndiyo maana hukuniambia.

Sasa ya huku. Jana meneja ametuita wanne, kadi ziko mezani, na vile vitambaa viwili vimewekwa juu ya gazeti kama samaki. Shuka la maua ni la yule mdogo wa meza ya kwanza, ameanza kulia kabla hajaulizwa. Mkono wa shati mimi niliujua palepale nilipouona. Ni shati la mume wa Mama Vigae, yule dereva wa trekta, lina alama ya pasi kwenye pindo la mkono. Nikatazama gazeti. Mama Vigae akasema mwenyewe, "Ni langu."

Meneja akanigeukia: "Na nepi yako wewe iko wapi?"

Nikasema sijui.

Mama Vigae akacheka, kicheko kibaya. "Mimi ndiye niliyeitoa. Kesho yake, wewe ukiwa zahanati. Nilipita nikaona maji yamekaa kwenye mstari, nikazibua, nikafutia vigae, nikaitupa. Nilijua ukirudi utaulizwa kwa nini hukuzibua. Nilikufichia."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniuliza! Siku zote hizi tunakula sahani moja, ungefungua mdomo ukaniuliza!"

Maji yangu yalikuwa kwenye mstari, Baba Kibonge. Chumba kilikuwa kizima. Yeye alikumbuka kuitoa yangu, akasahau yake.

Mwaka huu hakuna anayeajiriwa kwa kudumu, hata yule wa nne ambaye hakukosa kitu. Sisi watatu tumepewa miezi mitatu ya kuangaliwa, na kila chumba kitakachokwama kitaandikwa kwenye jina la aliyekijaribu. Vimeletwa vizibo vipya vya mpira, kumi na viwili, vyekundu, vina mnyororo. Kadi sasa zina saini mbili.

Mama Vigae ameihamishia sahani yake meza ya wapaka rangi.

Kibonge bado yuko kwa mama yako. Kila asubuhi ananishika ovaroli mlangoni, namfungua kidole kimoja kimoja.

Nakupenda na sijakusamehe, vyote pamoja,
Mama Kibonge


Kambini
Jumatatu, 1 Aprili

Mama Kibonge,

Nilikosa. Nilikuambia unyamaze na wewe hukunyamaza, na mimi leo niko juu ya ghorofa ya saba kwa sababu hiyo. Niliona haya kukuambia mke wangu kwamba nafagia. Mwanaume mzima, fundi bolti, nakimbizana na vipande vya plastiki kwenye upepo. Vijana walikuwa wananiita Bibi Usafi. Nimewaachia, jina litachakaa lenyewe.

Mhandisi si mtu wa maneno. Lakini ile siku ya mapipa nilikuwepo. Mimi ndiye niliyekuwa chini na ndoo kwenye namba 9. Walimwaga juu, tukasubiri. Halafu mtu akapiga kelele kutoka ghorofa ya tano, maji yanapanda bafuni, yamefika mlangoni, yanatoka kwenye korido. Nilisimama pale na ndoo yangu kavu. Nikawaza mwanamke mwenye mtoto mchanga ameamka anakuta hivyo, baada ya yote waliyopitia mahemani. Na mimi nilikuwa nimekuandikia kitaoza.

Kuhusu shoga yako sina la kukushauri. Nimefunga bolti nyingi, za watu sizijui.

Niko hapa, na mkanda kiunoni,
Baba Kibonge


Kiwandani
Ijumaa, 12 Aprili

Baba Kibonge,

Mtoto ameachia ukuta. Hatua tatu, akakaa kwa makalio, akajipigia makofi mwenyewe. Mama yako anasema zilikuwa nne. Nilikuwa kazini, kwa hiyo sina ushahidi.

Nikueleze ya jana, maana tangu jana sijatulia.

Kadi zina saini mbili, nilikuambia. Msimamizi amepanga majirani wasainiane, yaani mimi na Mama Vigae. Wiki mbili kila asubuhi nakwenda kwenye chumba chake, nachuchumaa, natazama mstari wake, nasaini. Yeye anakuja kwangu, anachuchumaa, anasaini. Neno hakuna. Kalamu ananisukumia mezani kwa ncha ya kidole, kama anamlisha paka wa jirani. Nilishazoea kuisoma hali yake kwa kuvitazama visigino vyake tu. Mara mbili nilitaka kusema nisamehe, mara mbili nikaishia kusaini. Na hata sijui, nisamehewe nini? Kwamba nilisema ukweli wangu, ukamwangukia yeye.

Jana asubuhi nilikuwa na chumba 9/3. Lori liko mlangoni, Konokono anatafuna kijiti, msimamizi anatazama saa. Niliingia peke yangu kwanza. Maji yalikuwa chini ya mstari. Si sana. Unene wa ukucha. Nikasema labda ni penseli, niliipiga vibaya. Nikasema labda ni joto la jana. Nikainama upande huu, nikainama upande ule. Ukiinama upande wa mlango yanaonekana yako sawa kabisa. Nikakaa kule kwenye upande wa mlango, nawaza miezi mitatu, nawaza mtoto, nawaza chumba kimoja tu.

Mama Vigae akaingia. Akachuchumaa, si upande wa mlango. Akaweka kidole chake ukutani, hapa penseli, hapa maji. Kisha akasema neno la kwanza tangu Machi.

"Yameshuka."

"Kidogo," nikasema.

"Kidogo ni kushuka."

"Najua."

Akanitazama. Macho yake yalikuwa mekundu, hajalala, ana mtoto naye anaota meno. "Kitaandikwa kwako."

"Najua."

"Nikisaini hakuna atakayejua. Niambie tu. Nisaini?"

Nje msimamizi anaita, "Hiyo tisa vipi? Mbona mmenyamaza?"

Nikasema, "Usisaini."

Akaichomeka kalamu kwenye nywele zake. Akavua viatu, akapandisha suruali ya ovaroli mpaka magotini, akaingia ndani ya maji akaanza kupapasa kona kwa vidole, polepole, kama mtu anayetafuta hereni. "Sogea basi," akasema, "una mgongo mpana kama mlango." Nikavua viatu nami, nikaingia. Tumepapasa kigae kwa kigae, magoti yanagongana, mpaka akanishika mkono akauweka mahali. Nyuma ya kisahani cha sabuni, pale silikoni ya kuzibia inapokutana na kona, kitundu kidogo hata sindano ingekidharau.

Msimamizi alichungulia, akatukuta wawili tumekaa ndani ya bafu kama watoto. Mama Vigae hakumpa nafasi. "Hiki hakitoki," akasema.

Konokono aliondoka na lori tupu.

Mama Kibonge